Sema "Sawa" Uumie: Mwongozo wa Anayekwenda Kukandwa Pwani

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe, maana kukandwa kuko kwa namna nyingi. Unga wa chapati hukandwa. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini, na bibi ambaye masikio yake hayapokei neno "basi". Timu nayo hukandwa: sisi wa Simba tulikandwa na Yanga tano kwa moja tarehe 5 Novemba 2023, na mpaka leo mtu akininyanyulia kiganja kunipungia, kwanza nahesabu vidole. Halafu kuna huku kwingine, ambako mtu mzima mwenye akili zake anatoa hela mfukoni, anavua shati na kulala kifudifudi mbele ya mtu aliyekutana naye robo saa iliyopita. Kwa kawaida hufanya hivyo akiwa likizoni. Mwongozo huu nimemwandikia yeye.

Sitagusa spa za hoteli kubwa, zile zenye jagi la maji lililotiwa vipande vya tango na filimbi inayolia bila mpigaji. Kule hatari ni moja tu, nayo huletwa mwishoni ndani ya kijalada cha ngozi. Nazungumzia zile ndogo: banda la makuti juu ya mchanga, vitanda viwili, pazia la kanga, na kibao kilichoandikwa kwa mkono MASAJI, HINA, KUSUKA, MADAFU, ili mpita njia asikose sababu ya kusimama. Mimi nilikandwa Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko. Aliyekandwa Nungwi au Diani ataongeza yake.

Jambo la kwanza halihusu mgongo wala mafuta. Linahusu nyumbani. Ukiwa Dar es Salaam ukasema unakwenda masaji, swali linalofuata ni "masaji gani?", na anayeuliza hasubiri jibu. Tumeiharibu wenyewe hiyo sifa, kwa vyumba vya taa nyekundu na mapazia yasiyofunguliwa mchana. Kwa hiyo mwenye mke atoe taarifa mapema, au, bora zaidi, aende naye. Mimi nilikwenda na wangu. Alikaa nje ya banda chini ya mkungu akinywa dafu, na ni shahidi wa yote ninayoandika isipokuwa pale nitakapojisifu. Na kama kuna msomaji anayedhani banda la kijijini ni tawi la vile vyumba vya mjini, namwonya kwa upendo: mkandaji ni mama wa watoto wanne, buibui lake limetundikwa msumarini, mama mkwe wake amekaa mlangoni anapepeta mchele, na sheha anakaa nyumba ya tatu. Ukiuliza habari za "huduma ya ziada", utahudumiwa.

Kufika bandani kuna njia mbili: kwenda mwenyewe, au kupelekwa na papasi. Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Ndivyo Wazanzibari walivyowabatiza vijana wanaowaganda wageni ufukweni, na sina la kuongeza. Wa kwangu alinianza kwa "Jambo! Hakuna matata!" Nikamwambia, kaka, mimi natoka Temeke. Hakutikisika. "Aa, yakhe, kumbe mwenyeji! Basi bei ya mwenyeji." Hapo kaa chonjo. Bei ya mwenyeji ni bei ya dola iliyogeuzwa shilingi kwa kiwango anachokijua yeye peke yake. Mtafute mkandaji mwenyewe, uliza kwa shilingi, uliza kama ni saa nzima au nusu, na uliza ukiwa umesimama na shati lako mwilini. Mtu aliyekwisha kulala kifudifudi nusu uchi hana hoja. Wala usijisumbue kujifanya mtu wa Unguja. Utafungua mdomo mara moja tu, watajua mpaka boti uliyopanda. Papasi alinitajia elfu sitini. Mama mwenye banda akasema arobaini. Mke wangu, ambaye hata hakuwa anakandwa, akasema thelathini na tano na dafu juu yake, na ikawa hivyo.

Sasa saa. Mtu wa mjini hudhani spa hufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Jambiani saa hupangwa na bahari. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza upande ule mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wengi wa pwani hiyo wana shamba ndani ya maji: vijiti vimekitwa mchangani, kamba imefungwa katikati, na kwenye kamba kumening'inizwa vishada vya mwani. Shamba hilo hufikika maji yakitoka sana, nayo hutoka sana siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo, kwenye saa nne asubuhi, bahari imekwenda zake mbali, na kila anayejua kukanda yuko huko, maji magotini, anafunga mwani. Ukifika bandani utamkuta kuku. Mchana maji hurudi, na kiasi cha saa kumi alasiri yanakuwa yamejaa tele. Kati ya kupwa na kujaa, siku za bamvua, bahari hupanda kama mita nne. Ndiyo maana nilipouliza nije lini, yule mama hakutazama saa wala simu. Alitazama baharini akasema, "Njoo maji yakirudi."

Nikasema, sawa.

Lishike neno hilo, tutakutana nalo tena.

Faida ya kukandwa na mkulima wa mwani utaijua akikuwekea mkono wa kwanza. Kamba na maji ya chumvi vimevikomaza vile viganja hata huhitaji mawe ya moto wanayoyatoza kando. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba saa moja ya mgongo wangu inamlipa kuliko wiki nzima ya kuvuta kamba. Mwani mkavu unasafirishwa nje, unatengenezwa vitu vya kuvifanya vyakula na dawa ya meno vishikamane vizuri, na bado bei ya kilo haijamjengea mtu ghorofa Jambiani. Kwa hiyo usiombe upunguziwe mara ya pili. Mara moja ni mila, mara mbili ni uchoyo.

Ndani ya banda, kwenye nguzo, kuna orodha ya huduma. Ilinitia wasiwasi: masaji ya Kiswidi, ya Kithai, ya Kizanzibari. Nikauliza tofauti.

"Ya Kiswidi nakupaka mafuta, nakukanda."

Na ya Kithai?

"Nakuvuta."

Na ya Kizanzibari?

"Nakupaka mafuta, nakukanda, nakuvuta, na tunazungumza."

Nilichukua ya Kizanzibari. Ningejua maana ya "tunazungumza" ningechukua ya Kiswidi, lakini hilo lina zamu yake.

Kuna kitu kimoja kwenye orodha hizo ambacho ningemshauri mtu akilipie bila kufikiri mara mbili, nacho ni singo. Wengine wataona ni mkorogo wa maua tu. Singo ni mambo ya bibi harusi: waridi, asumini, langilangi, karafuu na majani yenye harufu yanatwangwa kinuni, yanalainishwa kwa marashi, kisha mwari anasingwa mwili mzima na somo wake, siku za kuelekea harusi, mpaka ngozi inang'aa na nyumba nzima inajua kinachoendelea. Siku hizi anasingwa yeyote mwenye hela, hata mhasibu wa miaka arobaini na sita kutoka Temeke. Wapo wanaolalamika kwamba hiyo ni kuuza mila. Mimi naona bora mila iuzwe na mama aliyeijua kwa bibi yake kuliko iuzwe kwenye kikopo chenye nembo ya Kifaransa. Ila ujue matokeo. Singo haitoki kwa kuoga mara moja. Kesho yake nilipanda daladala ya 309 kurudi mjini, nimebanwa kati ya gunia la muhogo na bibi mmoja mzee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta pumzi, akanitazama usoni, akavuta tena, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, umeoa mke wa pili?" Mke wangu, kiti cha nyuma, akasema tusubiri jibu.

Na usije ukadhani anasa hii imeletwa na watalii. Pale Kidichi bado yamesimama mabafu yaliyojengwa mwaka 1850 zama za Seyyid Said, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mjini, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya watu wote, na ingawa maji yake yalikauka zamani, mtaa umebaki na jina: Hamamni. Binti wa Seyyid Said, Salme, aliyezaliwa 1844 na baadaye akaitwa Emily Ruete, alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo anasimulia jinsi mabibi wa jumba walivyokuwa wakikandwa. Waliokuwa wakiwakanda ni watumwa, na hao hawakuwa na kibao cha bei kwenye nguzo. Nililiwaza hilo nikiwa nimelala pale, nikaongeza bakshishi. Iweke mkononi mwa aliyekukanda. Mara nyingi mwenye mikono na mwenye kibao si mtu mmoja.

Kabla hujalala, mambo ya mwili, na hapa naacha utani kwa aya moja. Kama umeshuka kwenye basi la kutwa nzima au ndege ya usiku kucha, na mguu mmoja umevimba, una joto na unauma nyuma ya ugoko, usipeleke mguu huo bandani. Peleka hospitali. Damu huweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu kwa kukaa muda mrefu, na kuminya pale kunaweza kulitoa lile bonge likasafiri mpaka kwenye mapafu, ambako linaua. Mjamzito aseme mapema kwamba ni mjamzito. Mwenye ngozi iliyoungua na jua asubiri ipoe, na tusidanganyane kwamba weusi hatuungui. Shinda mchana kutwa kwenye mashua ukitazama samaki, halafu mtu akupitishie mkono begani, utakubali. Na mkandaji yeyote akikushika kidevu na kisogo akakuambia ulegee akukate shingo iseme "kwaa", mwambie hapana, asante. Vidole vya miguu avikate mpaka achoke. Shingo unayo moja.

Mafuta nayo yana elimu yake. Mafuta ya nazi ndiyo mwenyeji: yanateleza, yananukia jikoni, na ukitoka nayo juani bila kujifuta utakaangika. Kama kibanda chako kina kiyoyozi usishangae ukikuta chupa imeganda nyeupe kama samli. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, hayajaharibika. Mafuta ya mchaichai ni salama kwa watu wengi na mbu hawayapendi. Mafuta ya karafuu ndiyo yenye hila. Yakiwa matone machache ndani ya mafuta ya nazi, yanatia joto na kulegeza. Yakiwa mengi, yanaunguza ngozi, na bahati mbaya hayaunguzi papo hapo. Yanakuacha kwanza useme yako vizuri. Yule mama aliniuliza, "Nikutilie karafuu kidogo?" Nikasema sawa. "Au niongeze?" Nikasema sawa. Ukiulizwa maswali mawili yanayopingana na jibu lako likawa moja, ujue hukusikiliza hata moja.

Hina, kwa kuwa iko kwenye kibao kile kile, nayo ina onyo lake. Hina ya kweli ikikauka ikabanduliwa huacha rangi ya machungwa inayogeuka kahawia. Ile nyeusi tititi inayokolea kwa dakika chache ni piko, dawa ya kutia nywele rangi, na ngozi za watu wengine huipokea kwa malengelenge na makovu. Wageni huitaka kwa kuwa inatoka vizuri kwenye picha. Mwanao akiililia, mnunulie madafu.

Usile urojo ndani ya saa mbili kabla ya kulala kifudifudi. Sitaeleza.

Basi, ukishapewa kanga ya kujifunika, isome kwanza. Yangu ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", nikajua mapema nani atapona. Kitanda kilikuwa cha mbao, godoro limevishwa plastiki, na upande wa kichwani kuna tundu la kutia uso. Hakuna mahali pengine duniani panapomfundisha mtu unyenyekevu kama lile tundu. Mashavu yako yanajikusanya pembezoni kama andazi kwenye mdomo wa glasi. Huwezi kuongea vizuri, huwezi kugeuka, na ulimwengu wako wote ni duara la mchanga lenye upana wa sahani. Kwenye duara langu mlikuwa na: kipande cha chaza, kijikaa cheupe kilichokuwa kinachimba na kusita, kinachimba na kusita, kama mtu aliyesahau alichofuata, ndala zangu, nilizozipanga kwa adabu, na miguu ya mkandaji, kucha zina hina ya wiki iliyopita, ndala yake ya kulia imeungwa kwa waya. Kwa saa nzima nilisoma hali ya mambo kwenye ile miguu. Ikisimama sambamba, mambo shwari. Kisigino cha kushoto kikinyanyuka, kiwiko kinakuja.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa pepo. Simwongopei mtu. Alianzia kiunoni akapanda taratibu pembeni mwa uti wa mgongo, akafika mabegani, akavikuta vifundo vyote nilivyovikusanya kwa miaka ya kuinamia kompyuta, akavisalimia kimoja kimoja. Akaniuliza habari za Dar, foleni, mwendokasi, bei ya mchele. Nikajibu kupitia tundu, kijikaa kinasikiliza. Nikasema moyoni, hawa watu wa mazoezi wanajisumbua nini?

Ndipo simu yake ikalia.

Aliipokea kwa kidole kidogo, akaiweka kwa sauti ya wazi, akaikalisha mgongoni kwangu, katikati ya mabega, kama mtu anavyoweka simu juu ya meza. Alikuwa shoga yake, na habari ilikuwa ya kikoba. Kuna mwenzao amekopa laki tatu, mwezi wa nne huu hajarudisha hata senti, na sasa amenunua friji.

"Friji!" akasema mkandaji wangu. Kisigino kikanyanyuka.

Ndiyo, friji, milango miwili.

"Milango miwili!" Kiwiko kikashuka chini ya bega la kushoto, mahali ambapo sikujua kama nina nyama.

Nikajifunza mengi mchana ule. Nikajua nani mweka hazina, nani mdhamini, na kwa nini mdhamini hapokei simu. Deni lote lilipigiwa hesabu mgongoni mwangu, riba ikanyooshwa kwa dole gumba mpaka kiunoni. Ilipofika habari kwamba yule mwenye friji nyumbani kwake umeme umekatwa, viwiko vilikuja viwili kwa pamoja. Nikatoa sauti. Si neno, sauti tu. Mkandaji akasita.

"Nguvu iko sawa, baba?"

Msomaji, hapo ndipo penye kiini cha mwongozo wangu wote. Mlango ulifunguliwa. Niliulizwa, kwa Kiswahili, lugha ya mama yangu, na mtu mwema ambaye angepunguza palepale. Nikasema: "Sawa."

Sisi tumelelewa hivi. Tukikaribishwa chakula chenye chumvi ya kutosha kukausha papa, tunasema kitamu, asante. Kinyozi akitushikia kioo nyuma ya kichwa, tukaona ametuachia kisiwa, akauliza "vipi bosi?", tunasema fresh, tunalipa, tunakwenda kutafuta kofia. Fundi akishona suruali ya mtu mwingine kwa kitambaa chetu tunaivaa mpaka ipasuke. "Sawa" yetu haina uhusiano na usawa wowote; ni namna ya kumwambia mwenzako kwamba hutaki kumwaibisha. Ni adabu nzuri sana, na haifai kabisa kwa mtu aliye chini ya kiwiko.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala mama mmoja wa Kijerumani. Kiswahili chake chote, nilivyomsikia akija, kilikuwa maneno matatu, na moja halikuwa sahihi. Mkandaji wake alipokaza kidogo, yule mama akasema "Pole pole," bila kuinua uso, bila kuomba radhi, bila kutanguliza hali za watoto. Mkono ukalegea saa ile ile. Akaanza kukoroma. Mimi niliyemsoma Shaaban Robert tangu darasa la saba, mwenye ngeli zote, mwenye methali za kutosha kumsuluhisha mtu na mkwewe, nilikuwa nakufa upande wa pili kwa kukosa neno.

Kwa hiyo lijifunze kabla hujaondoka nyumbani, lifanyie mazoezi mbele ya kioo. "Punguza kidogo, mama." Ni hilo tu. Mkandaji hachukii. Baadaye nilimuuliza mkandaji wangu kama wateja humwambia. Akacheka. Wazungu wanasema, alisema, na Wachina wanasema. "Nyie wa bara mnasema sawa, halafu hamrudi."

Ningeishia hapo, maana hilo ndilo nililotaka kusema, lakini nina suala moja binafsi ambalo halijamalizika.

Siku ile ilikuwa ya mwezi mpevu. Nilipofika nilikuta banda limewekwa karibu na maji kuliko nilivyopenda, nikamwonyesha mkandaji. Hakuficha kitu. "Leo bamvua," akasema, "yatafika mpaka hapa chini. Usijali, kitanda kina miguu." Nikasema sawa. Na kweli, wakati laki tatu zile zinaingia kwenye nusu saa yake ya pili, niliona kwenye duara langu mchanga ukibadilika rangi. Kijikaa kikaacha kuchimba, kikaingia shimoni. Ulimi wa maji ukaja, mwembamba, na povu kidogo, ukarudi. Ukaja wa pili. Miguu ya mkandaji haikusogea. Ilisimama ndani ya maji kama iliyozaliwa humo, ndala yenye waya ikielea kidogo kisiginoni. Ulikuwa ubaridi mzuri uliopanda kutoka chini, na karafuu ilikuwa bado haijaanza kazi yake, na nikafumba macho. Nilipofumbua, sahani yangu ya dunia ilikuwa maji matupu.

Nje nilimkuta mke wangu ameketi pale pale, dafu limekwisha, amepandisha miguu juu ya jiwe. Nikamuuliza kama ameziona ndala zangu.

"Nimeziona," akasema. "Zimepita hapa. Nikakuita kabisa, 'Baba watoto, si ndala zako hizi?'"

Nikamuuliza nilijibu nini.

Hakujibu. Alinitazama tu.

Ya kushoto ililetwa na watoto asubuhi, bahari ilipotoka. Ya kulia haijapatikana: ni ya bluu, namba arobaini na tatu, mkanda wake nimeushona kwa uzi mweupe. Msomaji wa Jambiani, Paje, Bwejuu au Makunduchi, ukiikuta kwenye mwani, tafadhali mpelekee mama mwenye banda la kibao cha madafu. Anajua ni ya nani.